Nasaba na Mizani ya Ushahidi: Mjadala wa Barazani

Katika pwani yetu, tangu Barawa hata Kilwa, na kuvuka hata visiwa vya Komoro, ni nadra kuupata mji wa kale usio na nyumba isemayo kwamba jadi yake ilikuja kwa jahazi kutoka ng'ambo ya bahari. Wako wasemao kuwa asili yao ni Shirazi ya Uajemi, wako wajinasibishao na Omani, na wako wenye karatasi walizozirithi mtoto kwa baba na baba kwa babu, ambazo majina yake hupanda daraja kwa daraja mpaka Hadhramauti, na kutoka Hadhramauti mpaka Makka. Kadhalika wako wengi, wala si haba kama inavyodhaniwa, ambao majina yao yakipanda mara tatu au nne hufika mahali penye kimya, kwa kuwa hapo ndipo aliposimama bibi aliyeletwa pwani kwa nguvu kutoka bara, na wazao wake wakaona ni stara kutomtaja.

Kijana wa leo atakaye kuijua asili yake ana mashahidi wengi kuliko waliokuwa nao babu zake: masimulizi ya wazee, shajara za nasaba, hati za makadhi, maandishi ya makaburi, vitabu vya tarehe, na sasa hata maabara zinazosoma vinasaba katika mate ya mtu. Lakini wingi wa mashahidi si wingi wa yakini, maana mashahidi hawa hupingana, na kila mmoja ana analolijua na asilolijua. Kwa hivyo nimeona si insafu kuliamua jambo hili kwa sauti yangu peke yangu kabla ya kuwakutanisha barazani watu watatu ambao fikira zao husikika kila siku katika miji yetu, lakini mara chache husikika pamoja: Sheikh, ambaye ni mlinzi wa shajara ya ukoo wake, Mwalimu, ambaye husomesha tarehe, na Bi Mkubwa, ambaye hana karatasi wala shahada, illa ameishi miaka mingi na kusikia mengi.

SHEIKH: Bismillahi. Mimi nasema kwamba nasaba ni amana, wala si pambo la kujifahirisha. Dini yetu imetuamuru kuunga udugu, na mtu hawezi kumwunga jamaa asiyemjua. Sheria ya mirathi na sheria ya ndoa zote mbili zinataka ijulikane nani ni nani kwa nani. Na Surat al-Hujurat inatufundisha kwamba watu wamejaaliwa mataifa na makabila wapate kujuana, na kwamba mbora wao ni mcha Mungu. Kwa sababu hiyo wazee wetu walizihifadhi nasaba kwa moyo na kwa kalamu. Masharifu wa Kialawi, ambao jadi yao Ahmad bin Isa, aitwaye al-Muhajir, alihama Basra mwaka 317 wa Hijra na kuishia Hadhramauti, wana vitabu vya nasaba vilivyotunzwa na wanazuoni wa Tarim, huko huko Hadhramauti, kwa uangalifu mkubwa. Jambo lililolindwa hivyo, karne baada ya karne, si haki kuliita ngano. Na nitaongeza la pili. Wageni wa Ulaya walipoyaona magofu yetu walisema kwamba Mwafrika hakuwa na uwezo wa kujenga msikiti wa mawe, kwa hiyo kila kilichojengwa ni cha watu wa nje. Kisha wakaja wasomi wengine, wakitaka kuirekebisha dhuluma ile, wakasema kwamba habari za Shirazi ni uzushi mtupu. Mara zote mbili wenye habari hizo hawakuulizwa kama mashahidi wanavyoulizwa. Mwenye nyumba ana haki ya kusikilizwa juu ya nyumba yake.

MWALIMU: Sheikh wangu, haki ya kusikilizwa sikunyimi, na hao waliosema Mwafrika hakuweza kujenga walisema batili. Lakini kusikilizwa kwa shahidi ni jambo moja, na kupimwa kwa ushahidi wake ni jambo la pili, nalo ni la lazima kama la kwanza. Tuchukue habari iliyo mashuhuri kuliko zote, nayo ni ya asili ya wafalme wa Kilwa. Imetufikia kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kitabu cha Kiarabu kilichotungwa na mtu wa Kilwa katika karne ya 16, ambacho nakala yake tuliyo nayo iliandikwa Unguja mwaka 1877, na maneno yake yakapigwa chapa Uingereza mwaka 1895. Ya pili ni muhtasari alioutia Mreno João de Barros katika tarehe yake iliyotoka mwaka 1552. Kitabu cha Kiarabu chasema kwamba mfalme wa Shirazi aliota ndoto iliyomtisha, akatoka na wanawe sita katika majahazi saba, na kila jahazi likatia nanga mahali pake, moja Mombasa, moja Pemba, moja Kilwa, moja Nzwani, na mengine kwingine. Kisha kisiwa cha Kilwa kikanunuliwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. De Barros asema kwamba aliyekuja ni Ali, mmoja wa wana saba wa mfalme, ambaye nduguze walimdharau kwa kuwa mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi, ilhali wao walizaliwa na mama wa ukoo wa wafalme wa Uajemi. Basi nauliza kwa heshima: alikuja baba akifuatana na wanawe, au alikuja mwana aliyewakimbia nduguze? Na majahazi saba kutia nanga bandari saba, kila bandari ikapata mtawala wake, je, hii ni habari ya safari, au ni namna ambayo miji iliyojiona kuwa jamaa moja iliueleza ujamaa wake?

SHEIKH: Hitilafu ya tafsili haibatilishi asili ya habari. Katika elimu ya hadithi, ambayo Mwalimu anaijua, wapokezi wawili wakihitilafiana katika jambo dogo na kupatana katika jambo kubwa, lile kubwa hupata nguvu. Hapa tuna Mwislamu wa Kilwa na Mkristo wa Ureno, hawa hawakukutana wala hawakuwa na sababu ya kufanyiana hisani, na wote wawili wanatuambia kwamba waliotawala Kilwa walitoka Shirazi, na kwamba kisiwa kilipatikana kwa nguo wala si kwa upanga. Wala si Kilwa peke yake: nenda Tumbatu, nenda Pemba, nenda Ngazija, utaambiwa maneno hayo hayo na watu ambao hawajapata kukifungua kitabu cha Kiarabu wala cha Kireno.

MWALIMU: Umeitaja elimu ya hadithi, Sheikh, nami nafurahi, kwa kuwa hiyo ndiyo mizani niitakayo mimi. Mwanachuoni wa hadithi hatosheki kuwahesabu wapokezi. Huuliza kila mmoja alipokea kwa nani, aliishi lini, alikutana na yule anayemtaja au la, na ana haja gani katika habari anayoileta. De Barros hakufika Kilwa. Alikusanya habari zake kutokana na tarehe ya wafalme wa Kilwa iliyowafikia Wareno, basi yumkini wapokezi wetu wawili wamekunywa katika kisima kimoja, na mapatano yao si ya watu wawili bali ya mmoja. Tena kati ya wakati wa Ali na wakati wa waandishi hao zimepita karne nyingi, wala hakutajwa mpokezi hata mmoja wa katikati. Naye Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 akamsifu Sultani al-Hasan bin Sulayman kwa ukarimu wake, alikuwa mtu aliyeijua Shirazi kwa macho yake, na katika habari zake za Kilwa hakuitaja. Kimya chake si dalili ya kukanusha, lakini pia hakitusaidii kuthibitisha.

Ama haja za wapokezi, hizo tunazijua vizuri zaidi kwa nyakati zilizo karibu nasi. Serikali za kikoloni ziliwagawa watu wa pwani kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na juu ya mgawanyo huo zikajenga kodi, mahakama, kura, na wakati wa vita hata mgao wa chakula. Thenashara Taifa wa Mombasa, yaani yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa mji huo, walishindania miaka mingi wahesabiwe pamoja na Waarabu, kwa sababu kuhesabiwa kinyume chake kulikuwa kuvuliwa haki. Unguja na Pemba, sensa ya mwaka 1931 ilionyesha kuwa waliojiita Waswahili wamepungua mno kuliko walivyokuwa katika sensa ya mwaka 1924, nao hawakufa wala hawakuhama, bali waliandikwa kwa majina mengine. Mimi siwalaumu watu wale, maana aliyewalazimisha watu kuchagua jadi kama mtu achaguavyo tiketi ya kuingilia ndiye mwenye lawama. Lakini mtafutaji wa nasaba akikuta jina la ukoo limeanza kuandikwa katika miaka hiyo, wajibu wake ni kuuliza lilikuwa likifaa nini wakati huo.

Na ili usidhani kwamba nimekuja kubomoa tu, nitakupa na dalili iliyo upande wako. Neville Chittick, aliyechimba magofu ya Kilwa, alimweka Ali bin al-Hasan, ndiye yule Ali wa masimulizi, mwishoni mwa karne ya 12. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika Pemba, ikapatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya elfu mbili pamoja na dinari za dhahabu za Kifatimi, za karne ya 10 na ya 11, na miongoni mwa sarafu zile za fedha zimo zilizoandikwa jina la Ali bin al-Hasan. Basi mtu wa jina hilo alikuwako, na alikuwako mapema kuliko alivyodhaniwa na wasomi. Lakini sarafu haisemi mwenye jina alizaliwa wapi. Na huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton amefukua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, na wa chini kabisa, uliokuwa wa miti, ni wa karne ya 8. Uislamu ulikuwa umekwisha kukaa pwani kabla ya majahazi saba.

SHEIKH: Umenipa nusu, nami nadai nusu iliyobaki. Mwaka 2023 jarida la kisayansi la Nature lilitangaza utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na mwaka 1800, wengi wao katika miji ya pwani: Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia mzaliwa wa Kenya, ambaye ameichimba pwani hii kwa miaka mingi. Na walikuta nini? Walikuta kwamba katika wengi wa watu wale sehemu kubwa ya asili yao ni ya Asia, kwamba sehemu hiyo ya Asia kabla ya mwaka 1500 au karibu yake ilikuwa hasa ya Uajemi, na kwamba kuchanganyika kwenyewe kulianza yapata mwaka 1000. Tuliambiwa kwamba wazee wetu walizua Uajemi ili wajitukuze. Leo mifupa imesema walichosema wazee. Je, Mwalimu, wasomi waliotuita wazushi hatuwadai radhi?

MWALIMU: Sisi ndio tudaiwao, Sheikh, na mimi naikiri haki yako wazi: wale waliosema kwamba habari ya Uajemi haina asili yoyote walihukumu kabla ya kuwaita mashahidi wote. Lakini utafiti huo tuusome wote, tusisome ukurasa mmoja tukafunga kitabu. Kwanza, wengi wa waliopimwa walizikwa karibu na misikiti, katika makaburi ya watu wenye cheo, basi habari yao haiwi habari ya kila aliyeishi mjini, sembuse mashambani. Pili, wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika iliyo kubwa vilevile, na mara nyingi iliyozidi nusu. Tatu, vinasaba vimetaja Uajemi kwa jumla, havikuutaja mji wa Shirazi, wala mfalme, wala ndoto, wala majahazi saba. Nne, na hili ndilo shina la maneno yangu yote: yaliyothibiti juu ya mji hayajathibiti juu ya nyumba. Kwamba watu kutoka Uajemi walifika pwani na kuoa na kuzaa, hilo sasa lina dalili yenye nguvu. Kwamba babu wa fulani ni mmoja wao, hilo linataka dalili yake lenyewe, na haliwezi kuazima dalili ya jirani.

Kwa sababu hiyo nawaonya vijana wapelekao mate yao ng'ambo wakaletewa karatasi yenye mafungu ya mia, hapa Arabuni, hapa Uajemi, hapa Afrika. Hesabu ile hupatikana kwa kumlinganisha mtu na watu walio hai leo ambao vinasaba vyao vimekwisha kukusanywa, na mahali ambapo watu wachache wamepimwa, mlinganisho ni dhaifu. Tena mtu ana wazazi wawili, mababu na mabibi wanne, na juu yao wanane. Akipanda daraja kumi hufikia nafasi 1,024. Shajara ya baba kwa babu, hata ikiwa sahihi neno kwa neno, humtaja mmoja tu katika daraja hiyo, na 1,023 waliobaki, ambao bila wao asingezaliwa, haiwataji.

BI MKUBWA: Wanangu, nimewasikiliza muda mrefu, na nimengoja nione ni nani kati yenu atakayewakumbuka hao waliobaki. Mwalimu amewafikia kwa hesabu, lakini mimi nawajua kwa majina yao, kwa kuwa ni mama zetu. Sheikh amesema majahazi yalikuja. Na mimi nauliza, yalikuja na wanawake wangapi? Huo utafiti wenu wa vinasaba umejibu, maana nimesomewa na mjukuu wangu: upande wa Uajemi aghalabu uliletwa na wanaume, na upande wa Afrika aghalabu uliletwa na wanawake. Basi wageni walikuta watu, wakakaribishwa, wakaoa, na watoto wakalelewa na mama zao kwa lugha ya mama zao, ndiyo sababu sisi sote hapa tunasema Kiswahili wala hatusemi Kiajemi. Hata masimulizi ya zamani hayakulificha jambo hili. Watu wa Kilwa wanasimulia kwamba mgeni alimwoa binti wa Mrimba, mkuu wa kisiwa. Watu wa Mombasa wanamtaja Mwana Mkisi kabla ya kumtaja Shehe Mvita. Huyo de Barros wenu amempa Ali mama wa Kihabeshi. Mama yumo katika kila habari. Ni karatasi ya nasaba tu isiyokuwa na nafasi yake.

Na msidhani kwamba wanawake hawakuhifadhi nasaba. Ni nani alijua mtoto yupi alinyonyeshwa na nani, ili ndugu wa kunyonya wasije wakaoana? Ni nani katika miji ya mawe kama Lamu alijua nyumba ipi ilipewa binti yupi alipoolewa, na kwa nini? Elimu hiyo haikuandikwa, lakini ilikuwa na sababu ya kuwa sahihi, kwa kuwa kosa lake lingeleta haramu nyumbani au kesi kwa kadhi. Kijana akiniambia anatafuta jadi yake, namwuliza: umekwisha kumwendea shangazi yako, na nyanya mzaa mama, au umewaendea wenye vilemba tu?

Lipo na lililo zito zaidi, nalo nitalisema kwa kuwa umri wangu umeniruhusu. Biashara ya watumwa kwa bahari ilipigwa marufuku Unguja mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria ya visiwa hivyo ila mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Hesabuni wenyewe: si zamani za Nuhu, ni bibi za bibi zetu. Wanyasa, Wamanyema, Wayao na wengineo walifikishwa hapa wakavuliwa majina, wakapewa majina yaliyowapendeza waliowanunua, na walipoachwa huru wengi walichukua nisba ya nyumba walizozitumikia. Watoto wao wakaambiwa: usiulize. Sasa leo mjukuu anatafuta jahazi ambalo halikupata kuja, ilhali bibi yake alitembea kwa miguu kutoka Ziwa Nyasa mpaka pwani na akaishi kuyasimulia. Nani katika ukoo ule amestahili kukumbukwa kuliko huyo?

SHEIKH: Bi Mkubwa, maneno yako ni ya haki, na sheria iko pamoja nawe. Suria akimzalia bwana wake mtoto, mtoto yule ni huru na nasaba yake ni kamili, wala hakuna aliye na ruhusa ya kumpunguzia. Watoto wote aliowaacha Sayyid Said bin Sultan walizaliwa na masuria; Sayyid Barghash, aliyeitawala Unguja tangu mwaka 1870 hata 1888, mama yake alikuwa Mhabeshi, na hakuna aliyesema kwamba si Mbusaidi. Basi aliyemficha bibi yake kwa kuona haya hakuilinda dini, alikifuata kiburi cha wakati wake. Hili nalikubali. Lakini nakuombeni nyote wawili msiifanye shajara kuwa mshitakiwa. Iliandikwa kwa kusudi lake, nayo yafaa katika kusudi hilo. Kosa ni kuitaka ijibu ambalo haikuulizwa.

MWALIMU: Hapo, Sheikh, tumekutana, na iliyobaki ni kumwonyesha kijana njia. Aanze na walio hai, kwa kuwa makaburi yatangoja na wazee hawatangoja. Na kila ajibiwalo aliandike pamoja na jina la aliyemwambia, siku, na huyo naye alisikia kwa nani. Wazee wawili wakihitilafiana aandike kauli zote mbili, asichague ile impendezayo. Kisha apande kwenye maandishi: hati za mirathi na za wakfu, mikataba ya mashamba na nyumba, daftari za watumwa walioachwa huru, na kwa wale ambao wazee wao waliokolewa wakalelewa na misheni, kama huko Frere Town karibu na Mombasa, ulioanzishwa mwaka 1875, daftari za ubatizo. Nyingi za hati hizi ziko katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar na katika hifadhi za Kenya na Tanzania Bara, na hati iliyoandikwa ili kugawa minazi ni shahidi mzuri wa nasaba kuliko karatasi iliyoandikwa ili kuthibitisha nasaba, maana mwandishi wake hakuwa na haja ya kumpendeza mtu kwa jadi yake.

Jiwe nalo lisomwe kwa hadhari. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, lakini sehemu kubwa ya jengo lenyewe ilijengwa upya katika karne ya 18. Asomaye tarehe ya jiwe na kuipa kuta zote amekosea, na ndivyo akoseavyo atwaaye jina moja la kale lililothibiti na kulipa ukoo mzima. Kuna na kipimo alichotuachia Ibn Khaldun katika Muqaddima, cha kuhesabu vizazi vitatu kwa kila miaka mia. Mtu akidai kwamba babu yake alifika miaka 900 iliyopita, shajara yake yapasa kuwa na majina karibu 27. Ikiwa na 11, basi ama majina yamepotea, ama miaka imezidishwa, na mkweli atasema hivyo waziwazi. Mwisho, awaangalie watu wenye jina moja. Ali bin Hasan ni wengi katika kila karne, na kulingana kwa majina si kulingana kwa watu.

BI MKUBWA: Na akifika mahali ambapo hapana jina?

MWALIMU: Aache nafasi wazi, Bibi, na aandike kwamba hapa hapajulikani. Nafasi iliyoachwa kwa uaminifu huweza kujazwa na mtafutaji atakayekuja baadaye. Iliyojazwa kwa uongo humfungia njia.

Hapa naufunga mjadala, na msomaji ana haki ya kuijua hukumu yangu. Sheikh ameshinda katika jambo moja lisilo dogo: masimulizi ya pwani yamebeba ukweli ambao wasomi waliukataa upesi, na tangu mwaka 2023 si halali tena kwa mwenye elimu kusema kwamba Uajemi wa wazee wetu ulikuwa ndoto. Mwalimu ameshinda katika jambo la pili, ambalo kwa mtafutaji wa ukoo ni kubwa kuliko la kwanza: ukweli wa jumla hauthibitishi nasaba ya mtu mmoja, na kila jina lililounganishwa na jina jingine lina haki ya kudaiwa shahidi wake. Na Bi Mkubwa amewashinda wote wawili, kwa kuwa ameonyesha kwamba shajara inaweza kuwa sahihi katika kila neno lililomo na bado ikatupotosha kwa maneno yasiyokuwamo.

Nakuomba basi, wewe usomaye, ukiwa na mzee aliye hai, mwendee kabla mwezi huu haujaisha, ukaandike asemavyo bila kumsahihisha. Andika la baba na la mama kwa wino mmoja. Litenge lililothibiti na lililosemwa, na lililosemwa na lililodhaniwa, kila moja katika safu yake, ili asomaye baada yako ajue ameshika nini. Na ukimkuta katika ukoo wako mtu aliyenunuliwa na kuuzwa, mwandike kwa jina lake, na kwa nchi yake ikijulikana, kwa sababu aibu ya utumwa ni ya aliyenunua na kuuza, na wala si ya aliyefanyiwa hayo.